Togwa ya Siku ya Tatu

Arobaini ya dada yangu Salma ilisomwa mjini, mtaa wa Cheyo, kwenye nyumba yake ileile yenye baraza ya saruji, na mimi nikakalishwa jamvi la pili. Jamvi la kwanza, karibu na mlango, alikaa Rehema, mtoto wa marehemu, pamoja na mawifi zake. Jamvi la pili ni la mashangazi, mama wadogo na majirani wa zamani. Hakuna aliyenionea. Ndivyo tulivyopangwa, na mpangilio huo niliukubali mwenyewe, kwa kinywa changu, miaka inakaribia hamsini sasa. Wanawake walikuwa wakiingia, wanainama, wanampa Rehema mkono, pole mwanangu, mama ametangulia, sote njia ni hiyo. Halafu wanahamia kwangu: pole mama mdogo. Naitikia, nimeshapoa. Rehema nimemzaa mimi. Nimemzaa kwa uchungu wa siku mbili, kitandani kwangu, na mkunga aliyekuwepo alishakufa, na Salma aliyekuwa amenishika mabega naye ndiye huyo tuliyekuwa tunamsomea. Rehema mwenyewe anajua. Aliambiwa juma la harusi yake, akaja kwangu nikiwa kwenye cherehani, akaniuliza kama ni kweli. Nikamwambia ni kweli. Akasema haya, kisha akaniuliza kama gauni litakuwa tayari Alhamisi. Likawa tayari.

Sitaeleza tulizaliwa wapi wala baba yetu alikuwa nani, hayo hayakunisaidia wala hayakuniharibu. Nitaeleza mwaka mmoja tu, ule mwaka ambao watu wa vijijini walikuwa wanahamishwa kwa malori kwenda vijiji vya ujamaa, na mimi nikahamishwa kwa pikapu ya shemeji, mume wa Salma. Nilikuwa na miaka ishirini na sita. Mume alikwishanipa talaka yangu. Mtoto wangu wa pili, wa kiume, alikaa duniani siku kumi na moja, na baada ya hapo usingizi ukanikataa. Mwanamke mmoja nyuma ya stesheni alikuwa anauza gongo, akanipa kidogo ya kunilaza, na kweli nililala. Mwanzo nilikuwa nakunywa nilale. Baadaye nikawa nakunywa niweze kuamka. Nyumba ya Kiislamu, mwanamke, tena mshonaji wa sare za watoto wa shule, utaiweka wapi gongo? Niliiweka kwenye chupa ya mafuta ya nazi, chini ya cherehani, na nikawa nainywea kikombe cha kahawa, kile kidogo kisicho na mkono. Rangi yake ni ya maji. Watu waliniona nakunywa maji mchana kutwa wakasema huyu Tatu ana kiu, na wengine walijua na wakasema vilevile.

Siku iliyovunja kila kitu ilikuwa asubuhi, jua limeshachomoza vizuri. Nilisinzia kwenye kiti nikiwa natia lupu za mkanda kwenye kaptura. Rehema alikuwa na mwaka na nusu, anatembea kwa kushika ukuta. Salma alipita kuniletea vitumbua, akamkuta mtoto amekaa sakafuni, ameshika kile kikombe kwa mikono miwili, anakilamba ukingo. Hakupiga kelele. Alimnyang'anya, akanusa mdomo wake, akamfunga mgongoni kwa khanga aliyokuwa amejitanda, akaondoka kichwa wazi mtaani, yeye ambaye hakuwahi kutoka bila kujitanda. Jioni alirudi bila mtoto. Akasimama mlangoni, hakukaa. "Mwaka mmoja bila kugusa," aliniambia. "Mmoja tu, Tatu. Ukiutimiza, mwanao huyo hapo. Ukigusa, usinifuate." Salma hakujaliwa kupata mtoto, na wakati ule jambo hilo halikunipitia akilini hata kidogo. Nilimbusu mkono.

Nikapelekwa kijijini Kwihara, kwa mama mmoja Mnyamwezi jina lake Kalunde, mjane, aliyekuwa akituletea asali mjini tangu tukiwa wasichana. Na yeye alikuwa na miezi mitatu tu pale. Tembe lake la zamani, nyumba ndefu ya udongo mpaka paa, nusu siku kwa miguu kutoka hapo, lilibomolewa ili asirudi, akaonyeshwa kiwanja kwenye mstari, akajenga nyumba ya miti na udongo, vyumba viwili, paa la nyasi. Karibu na hapo kuna tembe jingine, la mzungu mmoja wa zamani aliyepita na misafara. Lile halikubomolewa. Lile lilikuwa linapakwa udongo mpya na kufagiliwa, wageni wanaletwa kwa magari kutazama alipolala. Kalunde alikuwa akipita pale na dumu lake la asali, anatema mate pembeni, anaendelea na safari. Chumba nilichopewa kilikuwa na kitanda cha kamba, ukuta bado unatoa unyevu, na kidirisha cha kupitisha mkono. Wiki tatu za kwanza nilitetemeka mpaka kamba za kitanda zililia. Nilitapika, nilitoka jasho la kulowesha shuka, niliona siafu ukutani ambao hawakuwepo. Kalunde alininywesha uji wa ulezi kwa kijiko, akanifuta, akaniambia maneno ya Kinyamwezi ambayo sikuyaelewa na sikutaka kuyaelewa. Nilipoacha kutetemeka akaniletea michembe, vile viazi vitamu vilivyokaushwa juani, amevichemsha na karanga zilizotwangwa. Nilikula bakuli zima. Nikadhani nimepona, jamani. Nikahesabu: imebaki miezi kumi na moja na kidogo.

Kumbe gongo ilikuwa imefunika kitu. Ilipoondoka, kitu chenyewe kikabaki, kimekaa kifuani, hakiumi, hakisemi, kizito tu. Nilikuwa naamka macho yamefunguka na mwili umekataa. Naona kiatu changu sakafuni, najua ni cha kuvaa, na kukifikia ni safari ya kwenda Ujiji kwa miguu. Sikulia. Ningelia ningeshukuru. Siku hizi redioni wanaita sonona, daktari anahojiwa, anasema ni ugonjwa, watu wasiwacheke wagonjwa. Nikisikia hivyo nazima redio. Wakati ule jina lake lilikuwa uvivu, na uvivu mwaka ule haukuwa tusi la nyumbani tu, ulikuwa kosa. Balozi wetu wa nyumba kumi, Maganga, alipita kila alfajiri na daftari lake anaita majina ya watu wa shamba la kijiji. Alikuwa mtu mwema, sikatai. Anafika nje ya kidirisha changu, anakohoa, anauliza mgeni wa mjini yuko? Kalunde anajibu yuko, mgonjwa. Anaumwa nini? Kalunde hakuwa na jina la kumpa. Nikasikia kalamu inaandika. Wanawake waliokuwa wakitwanga uani kwa jirani nao hawakujua kwamba ukuta wa udongo mbichi hausitiri sauti, au walijua. Mmoja alisema mikono laini ile ni ya kupe, anakula jasho la wenzake. Mwingine akasema hapana, ana jini, na jini lake ni la kileo, linataka lipewe. Wa tatu akasema jini gani, mwacheni, kazoea kulala mpaka jua la utosi. Wakacheka, wakaendelea kutwanga. Mimi mle ndani nilikubaliana na wa kwanza.

Kalunde hakunisema. Ila alikuwa na tabia moja iliyoniudhi sana mwanzoni. Asubuhi anasimama mlangoni, ananiuliza umeamkaje. Nami nilijibu anavyojibu kila mtu aliyelelewa vizuri: salama. Mtu akiwa amekatwa mguu, kwetu atakujibu salama, halafu ndipo aseme ila mguu. Kalunde alikataa jibu hilo. Akasema salama ni ya kumpa mpita njia, yeye si mpita njia, nimeamkaje? Nikageukia ukuta. Kesho yake akauliza tena, na keshokutwa, bila hasira, kama mtu anayebisha hodi akijua mwenyewe yumo. Siku moja kwa kuchoka naye nikamwambia, "Umeamka mwili tu. Mimi bado." Akaitika eheee, ya kuvuta, akaja akakaa kitandani. Akaniambia na yeye ni hivyohivyo tangu lori lilipomshusha, makaburi ya wazazi wake yamebaki kule porini hayana wa kuyafagilia, na yeye huamka mikono kwanza, inakoka moto, inachemsha uji, na mwenyewe hufika baadaye, siku nyingine hafiki. Tangu siku hiyo tukawa tunapeana taarifa. Leo mwili tu. Leo mpaka kiunoni. Tuliambiana kweli, na ile kweli ndiyo iliyonitoa kitandani, nayo ndiyo iliyonigharimu.

Salma alikuja kila Jumapili ya pili, kwenye pikapu, na Rehema mapajani. Alileta sukari, sabuni, chumvi, vitu ambavyo duka la kijiji lilikuwa linavisubiri mwezi mzima. Miezi ya mwanzo mtoto alinirukia. Nilimpakata nje, kwenye mkeka, nikamlisha michembe iliyopondwa, na Salma akakaa pembeni akitazama mdomo wangu na mikono yangu, kama inatetemeka. Kufika mwezi wa tano Rehema aliongea. Mama aliniita mimi na mama alimwita Salma, na sote wawili tuliitika, tukacheka. Kufika mwezi wa saba alipoanguka akajikwaruza goti alinipita mimi niliyekuwa karibu akamkimbilia Salma. Salma akasema ni mazoea tu, usiweke moyoni. Nikaweka moyoni, wapi tena? Nikajiambia imebaki miezi mitano, na kesho yake nikaenda shambani kwa miguu yangu. Maganga aliponiona na jembe alifunga daftari akasema karibu mama, basi. Nilimpenda kwa hilo.

Mwezi wangu wa tisa pale ukaja, wakati wa kuvuna karanga za shamba la kijiji. Tukaambiwa mgeni rasmi atakuja kutoka mkoani kuvuna pamoja nasi, Jumatano, kwa hiyo Jumanne wanawake wakapika togwa mitungi sita, kila mtu anajua togwa ni kinywaji cha kazini, mtoto anakunywa, mwenye kufunga anafuturia. Unapika uji wa mtama, unaupoza, unatia kimea, kesho yake ni tamu. Jumatano tukapanga mstari tangu asubuhi na mgeni hakuja. Alhamisi tukaambiwa gari lake limeharibika, tusiguse karanga wala togwa, vyote ni vya mapokezi. Ijumaa saa saba mchana akafika, akang'oa mashina mawili, akapigwa picha, akahutubia juu ya jembe na kujitegemea jua likitupiga utosini, akaondoka. Ndipo mitungi ikafunuliwa. Kila mwanamke wa pale alijua hesabu ya vidole: togwa ya kesho ni tamu, ya keshokutwa inakwaruza ulimi, ya siku ya tatu ni pombe na imwagwe au wapewe wazee. Lakini togwa ya mgeni rasmi nani ataimwaga? Kalunde angekuwepo angeninong'oneza, naye siku hiyo alikuwa mjini na asali yake. Binti mmoja akanipa kata imejaa. Nilikuwa na kiu ya tangu alfajiri. Nikainywa kwa pupa, na ilipofika kooni nikaijua. Ilinisalimia kwa jina. Mwili wote uliokuwa mzito miezi tisa ukalegea ukawa wangu. Kata ya kwanza ilikuwa kosa la watu. Nikarudi kwenye mtungi nikajichotea ya pili, mwenyewe, kwa mkono wangu, naijua ni nini.

Ya tatu sikuchota. Niliweka kata chini, nikaenda nyuma ya nyumba ya kuhifadhia mazao nikajitapisha kwa kidole. Jioni Kalunde aliporudi alinikuta nje, hakuuliza nimeamkaje, aliona. Nikamwambia yote, kata ya kwanza na kata ya pili. Alifikiri, akafungua dumu akanipa asali kidogo kwenye kiganja kama mtoto. Akasema miezi tisa haivunjwi na kata mbili, aliyekwishatoka kisimani akamwagikiwa maji hajarudi kisimani. Kisha akanishika kidevu. "Dada yako akiuliza, umekunywa togwa," alisema. "Na si uongo. Kijiji kizima kilikunywa togwa." Nikamwambia yeye ndiye aliyenikataza kujibu salama. Akasema ndiyo, lakini alinikataza nisimjibu yeye. Hakusema nimjibu hivyo kila mtu. Hapo ndipo Kalunde aliponizidi akili, nami sikumwelewa mpaka nilipokuwa mzee.

Jumapili Salma akaja. Rehema alikuwa amevaa gauni jipya la maua ambalo sikulishona mimi. Salma hakuniuliza kitu. Hilo ndilo linalonila mpaka leo, hakuniuliza. Alikuwa anapanga sabuni kwenye meza, anaeleza habari za mjini, sukari imeadimika, fulani ameolewa. Mimi nikajiona msafi kwa mara ya kwanza tangu nizike mwanangu. Nikaona huyu ni dada yangu, si mpita njia. Nikamwambia, dada, Ijumaa nimekunywa, ilikuwa togwa iliyochacha, kata ya kwanza sikujua, ya pili nilijua. Akaacha kupanga. Akaangalia mtoto aliyekuwa anachezea maganda ya karanga. Nilimwona anapima, wallahi nilimwona, na nilidhani anapima ukweli wangu. "Basi mwaka unaanza leo," akasema. Kalunde akaingilia, akamweleza habari ya mgeni rasmi na siku tatu, akamwambia kijiji chote kilikunywa. Salma akamsikiliza kwa adabu zote, akamshukuru kwa kunitunza, akamchukua Rehema akaondoka. Mtoto alinipungia mkono kwenye pikapu, kama alivyofundishwa kuwapungia watu.

Mwaka niliufanya. Wa pili huo, na sikugusa hata kimea. Salma alikuja mara nne, mara zote bila mtoto, ana surua, ana kikohozi, barabara mbaya. Niliamka mwili tu karibu kila siku, na kila siku nililima, na Maganga akaniandika mfanyakazi bora wa mstari wetu. Siku yangu ilipotimia Kalunde alinifungia asali na karanga, nikatembea mpaka Cheyo. Salma alikuwa barazani anachambua mchele kwenye ungo. Rehema alikuwa na miaka mitatu na kidogo, amejificha nyuma ya kiti, ananichungulia kwa jicho moja tu. Nikamwita. Hakuja. Salma akaweka ungo chini, akafuta mikono, akamsukuma mbele polepole. "Njoo umsalimie mama mdogo," akamwambia. Mtoto akaja akashika mkono wangu, akasema shikamoo mama mdogo. Nilikuwa na maneno yangu yote, niliyapanga njia nzima. Nilimtazama Salma, midomo yake ilikuwa inatetemeka vibaya kuliko ilivyopata kutetemeka mikono yangu. Nikaona nikisema, mtoto atalia, na atakapolia atamkimbilia nani. Nikaitika marahaba. Neno moja hilo. Nimelirudia kwake tangu siku ile mpaka juzi.

Sijanywa tena. Watu husema hongera, wakidhani ni ushindi, nami huwaachia wadhani. Ile hali ya kuamka mwili tu inakuja na kuondoka, na Kalunde hayupo wa kumpa taarifa, kwa hiyo najipa mwenyewe nikiwa natia uzi kwenye sindano. Salma alipougua nilimuuguza mimi, miezi minne, nikamwogesha na kumgeuza. Hatukuligusa jambo lile. Ila siku moja nimemshikia kikombe cha uji, akakitazama, akasema bila mimi kumuuliza, "Ungesema togwa tu, Tatu. Ningekupa mtoto." Nikamfuta mdomo. Nikamwambia anyamaze, uji unapoa. Nilitaka kumwambia kwamba alinishinda kwa sababu nilimpenda, na kwamba angekuwa mtu baki ningemjibu salama nikarudi na mwanangu. Sikusema. Alikufa siku ya tano baada ya hapo, na nililia kweli, kwa ajili yake na kwa hasira, na sikuweza kutenganisha.

Baada ya dua ya arobaini wakaleta pilau, na baada ya pilau wakaleta togwa kwenye mabilauri, Salma alikuwa anaipenda. Rehema aligawa mwenyewe, mwanamke wa miaka hamsini, magoti yanamuuma, anainama kwa kila mtu. Jamvi la kwanza aliwapa tu. Mashangazi aliwapa tu. Alipofika kwangu akasimama na bilauri yangu, akaipeleka puani, akanusa. Kisha akaonja kidogo kwa ncha ya ulimi, mbele ya watu wote, akaifuta kwa pembe ya khanga pale midomo yake ilipogusa. Habari ya mtungi ule hakuna ambaye angeweza kumwambia ila Salma. Akanipa kwa mikono miwili. "Ya leo hii, mama mdogo," akasema kwa sauti ndogo. "Usiogope."

Nikaipokea. Nikamwambia ahsante mwanangu. Naruhusiwa kulisema, kila mtu pale alikuwa amemwita hivyo tangu asubuhi.